Leo Panauma Wapi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mama alipiga magoti kando ya kitanda cha bintiye akaanza na vifundo vya miguu. Alibonyeza kwa dole gumba, akangoja, akapanda juu: muundi, goti, paja, kiuno, mgongo, mabega, shingo. Mikono yake ilikuwa migumu na yenye joto, mikono ya mwanamke anayeshika pasi saa tisa kwa siku kwenye duka la dobi, na mtoto alikuwa ameizoea kama anavyozoea kupiga mswaki.

"Leo panauma wapi?"

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa alizaliwa wa mwisho, wote walimwita Kitinda. Alifikiri kidogo. Jumatatu alikuwa ametoa mgongo, Jumanne shingo, jana mkono wa kushoto.

"Bega," alisema. "La kulia. Kidogo tu."

"Kidogo kama nini?"

"Kama mtu amenifinya."

Mama akatoa kichupa cha dawa ya kuchua, akalichua lile bega mpaka likapata moto, kisha akamfunga mtoto vifungo vya shati na kuondoka akiwa ametulia. Kitinda alikuwa amejifunza kwamba mama yake hawezi kutoka nyumbani mikono mitupu. Mwaka juzi, akiwa darasa la nne, aliwahi kumjibu, "Hapaumi popote, mama," kwa furaha ya mtoto anayedhani ameleta habari njema. Siku ile mama hakwenda kazini. Alibonyeza, akarudia, akabonyeza tena hadi saa nne, huku machozi yakimtoka, na mwenye duka la dobi akamkata malipo ya siku nzima. Tangu hapo Kitinda alihakikisha kila siku kuna mahali. Goti tu ndilo hakuligusa. Alilitaja mara moja, na mama akakaa sakafuni akashindwa kuinuka mpaka baba alipoitwa kutoka kibanda chake cha viatu.

Goti lilikuwa la kaka yake. Walimwita Mrefu, maana akiwa na miaka kumi na mbili tayari alikuwa anainama kupita mlangoni. Alipoanza kulalamika kwamba goti la kulia linamuuma, mama alimtania: "Ni ukuaji huo, mwanangu. Unataka urefu wa bure?" Alimtania hivyo miezi minne. Uvimbe ulipoonekana kwa macho, madaktari walikuwa na mengi ya kusema na machache ya kufanya. Mwaka huu ulikuwa wa tatu tangu azikwe. Zamani mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu Mama Mrefu. Baada ya mazishi watu walianza kumwita Mama Kitinda, bila kikao wala makubaliano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusahau akamwita jina la kwanza. Angeshukuru kama angalau mmoja angekosea.

*

Shuleni zililetwa fomu za afya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mtu aliyechorwa mbele na nyuma, hana uso wala nguo, na mwanafunzi alitakiwa kuweka alama kila palipomuuma wiki hiyo. Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali. Umecheza au kukimbia hadi kutoka jasho siku ngapi? Unaionaje afya yako: nzuri sana, nzuri, ya wastani, au mbaya? Wenzake walicheka wakamchorea yule mtu masharubu. Kitinda aliijaza kwa uaminifu, akaikunja, akaikabidhi kwa mwalimu wa michezo. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena.

Wazazi wakaitwa. Ofisi ya mwalimu wa michezo ilikuwa stoo ya vifaa, na kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Mama alikikalia. Baba, ambaye alikuwa fundi viatu na mtaani alijulikana kwa jina hilo tu, Fundi, alionyeshwa gunia la mipira. Kila alipojaribu kukaa kwa heshima gunia lilimteleza upande mmoja, na kila mara aliomba radhi.

"Wazazi wangu, sitawachosha," alisema mwalimu. "Hapa nina barua tisa za mama. Kila muhula barua moja: mtoto asikimbizwe, mtoto asirukishwe. Nimeheshimu. Kipindi changu Kitinda anakaa kwenye benchi, anawashikia wenzake masweta. Lakini hebu tazameni hii."

Akaiweka fomu juu ya meza. Yule mtu asiye na uso alikuwa na alama saba.

"Siku saba, alama saba, hakuna mbili zinazofanana. Tena angalieni huku. Jasho, ameandika siku tano. Mtoto wa benchi, jasho siku tano. Na afya, ameweka mbaya. Nikamwuliza, Kitinda, mbaya kivipi? Akanijibu, 'Mimi sijui, mwalimu. Mama ndiye anayejua.'"

Mama aliinamia ile picha. Aliyatambua maumivu yote. Mgongo ulikuwa wa Jumatatu, shingo ya Jumanne, na bega la kulia lilikuwepo, dogo, limewekwa pale pale alipolichua.

"Samahani kwa swali nitakalouliza, ni wajibu wangu," mwalimu akasema, na sauti yake ikashuka. "Nyumbani kuna mtu anampiga huyu mtoto?"

Fundi aliinuka, na gunia likaachia mpira mmoja ukabiringika hadi mlangoni. Hakuna aliyeufuata.

"Kumpiga?" mama alisema. "Mwalimu, mkono wangu haujawahi kumgusa huyu mtoto ila una dawa."

"Basi nisaidie, mama. Ana nini?"

"Anaumwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sifichi tena. Nilipuuza mara moja."

Fundi alikuwa ameyashusha macho kwenye raba za mwalimu, kama alivyofanya siku zote alipokosa pa kutazama. Ukingo wa nje wa visigino ulikuwa umekwisha.

"Basi leteni karatasi ya daktari kabla ya Ijumaa ijayo," mwalimu alisema. "Kama mgonjwa, atibiwe. Kama mzima, akimbie na wenzake. Lakini benchi langu nimelifunga, mama. Siwezi kumkalisha mtoto mwaka wa nne kwa barua."

*

Daktari alikuwa kijana, mpole, na mwenye foleni ndefu. Alimkunja Kitinda miguu, akamgonga magoti, akamtuma apigwe picha za mifupa, akazitundika kwenye mwanga.

"Mzima," alisema. "Tena mzima hasa. Moyo wake ni wa mtu anayefanya mazoezi."

"Hafanyi mazoezi," mama alisema.

"Kitinda, wewe mwenyewe unajisikiaje?"

Kitinda alimtazama mama yake kwanza. Daktari aliliona hilo na kuacha kuandika.

"Piga picha nyingine," mama alisema. "Hata kaka yake nilimwona mzima, miezi minne."

"Kwa kaka yake sikuwepo, mama, na ninakupa pole. Ila huyu sina cha kumtibu. Mimi nikikutazama, naona anayehitaji kupumzika ni wewe. Kuna dada pale chumba cha mwisho, anaongea na watu waliofiwa. Ukipenda..."

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi la nje walisikia, maana mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja alimsogezea mama nafasi upesi, kama anavyosogezewa mgonjwa. Mama hakukaa. Alimshika Kitinda mkono wakaenda nyumbani bila kuchukua ile karatasi, ikabidi daktari amtume muuguzi awafuate nayo getini.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Namtoa shule. Wakitaka kumuua, wamuue wa kwao. Atakaa na mimi dukani, akunje nguo. Darasa la sita linamtosha."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache hata zamani, na tangu kifo cha mwanawe hata hayo machache aliyatoa kwa wateja. Kibanda chake kilikuwa pale kwenye kona kabla ya nyumba, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kitu ambacho wateja hawakukijua. Soli haidanganyi. Mlevi, mjamzito, mwenye nyonga mbovu, wote aliwasoma kabla hawajafungua mdomo. Mwaka uliopita aliletewa viatu vya mwanamume asiyemjua, kisigino cha kulia kipya kabisa, ncha ya mbele imelika. Alimkimbilia yule bwana hadi barabarani na gundi mkononi, akamsihi aende akapimwe mguu, akamsihi sana, mpaka watu wakasimama kutazama. Yule bwana alichukua viatu vyake akavipeleka kwa fundi mwingine. Watoto wa mtaa walimwigiza Fundi wiki nzima, nikumbukavyo, wakichechemea na kushika makopo ya gundi.

*

Jumapili mchana mama alikuwa anakunja sare za shule. Alizinyoosha kwa pasi kwanza, kwa sababu hakujua kukunja nguo isiyopigwa pasi, kisha akazipanga kwenye mfuko wa kugawa. Fundi aliingia na viatu vya Kitinda mkononi.

"Hivyo navyo weka humo," mama alisema. "Atapata mtoto mwingine."

"Sikuvileta kwa hilo, Mama Kitinda. Vitazame."

"Nina macho. Vimekwisha."

"Vimekwisha vipi?" Alivigeuza soli juu, akaviweka juu ya meza ya kupigia pasi. "Tazama hapa mbele, chini ya vidole. Anayetembea hamalizi hapa. Hapa panamalizwa na anayekimbia. Nilibandika soli hizi mwezi wa kwanza. Anakimbia kutoka shule hadi kwenye kona, nadhani, kila siku, halafu akikaribia nyumbani anatembea. Na tazama, kulia na kushoto. Pima kwa kidole. Sawasawa. Mtoto anayeumwa mguu, au mgongo, au nyonga, hawezi kuzimaliza hivi. Mwili unakwepa, hata mwenyewe akinyamaza."

Mama aliacha pasi. Alipima kwa kidole, kulia, kushoto.

"Unajua tangu lini kwamba anakimbia?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi kila siku naamka namchua, wewe unaniangalia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Swali lililokuwa linafuata alilijua. Alikuwa amelikimbia miaka mitatu, na ndilo lililomfunga mdomo juu ya mbio za binti yake, maana huwezi kumwambia mtu kwamba unasoma viatu vya mtoto mmoja asikuulize vya mwingine. Mkewe alikuwa mwepesi wa akili. Halikuchelewa.

"Basi vya kaka yake vilisema nini?"

Hapa Fundi angeweza kudanganya. Ingetosha kusema havikusema kitu, au kwamba ujuzi huu ameupata juzi tu. Angebaki na mke wake kama alivyokuwa, na Kitinda angekwenda kukunja nguo za watu. Aliinua macho akaliona pazia la chumba cha pili, na chini ya pazia nyayo mbili za mtoto, peku, zimetulia kabisa.

"Vilisema mguu wa kulia haukanyagi chini," alisema.

Mama alirudisha kidole kwenye soli ya kulia.

"Kisigino cha kulia kilibaki kipya, cha kushoto kikaisha. Nikajiambia anapiga sana mpira, watoto ndivyo walivyo. Lakini mpira hauli kiatu vile. Nilijua hauli vile."

"Lini?"

"Miezi mitatu kabla hajakwambia habari ya goti."

"Ukafanya nini?"

"Nikavisawazisha. Nikakipunguza cha kulia kwa kisu, cha kushoto nikakiongezea mpira. Nilisema mtoto wa fundi hawezi kwenda shule na viatu vya upogo, watu watanicheka. Baada ya wiki kadhaa vikarudi vile vile. Nikavisawazisha tena. Mara tatu, Mama Kitinda. Na yeye alinishukuru kila mara."

Pasi ilikuwa inaunguza shuka iliyotandikwa mezani. Mama aliiinua akaisimamisha pembeni, na alama ya kahawia ikabaki.

"Angepona?"

"Sijui. Sikuwahi kumwuliza daktari. Niliogopa atajibu."

"Mimi nimejiita muuaji miaka mitatu. Humu ndani. Kwa sauti."

"Najua."

"Ulikuwa unanisikia."

"Kila siku."

"Ukaninyamazia."

"Ndiyo," alisema Fundi, akalia, kwa aibu, bila kuficha uso, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Alikuwa anamlilia mwanawe, na alikuwa analilia pia hofu ya kubaki peke yake, na sidhani kama yeye mwenyewe aliweza kutenganisha. Mama hakumpiga wala hakumbembeleza. Alitoka na ndoo akaenda kuchota maji ambayo nyumba haikuyahitaji. Sare ziliachwa pale pale kwenye mfuko. Baadaye Kitinda alijitokeza mwenyewe, akazitoa moja moja na kuzitundika msumarini, akiangalia zisikunjike.

*

Asubuhi ya Jumatatu Kitinda aliamka akakuta mama yake yuko jikoni. Alijilaza tena, akainyoosha miguu nje ya shuka, akangoja. Alingoja sana. Mwishowe aliita kutoka kitandani, "Mama, ni mgongo."

"Sijauliza," mama alijibu.

Halikuwa jibu la ukali, lakini Kitinda alijifunika uso kwa shuka akaona kama amefukuzwa. Hakuwa amezoea kwenda shule bila harufu ya dawa ya kuchua. Njiani, karatasi ya daktari ikiwa ndani ya daftari lake, alijipapasa mwenyewe, bega, shingo, mbavu, akitafuta, na kwa mara ya kwanza hakukipata kitu ambacho angeweza kukitaja. Ikamtisha.

Mama hakumsemesha mumewe wiki ile. Alimtengea chakula, alimpigia pasi shati lake, alilala akiutazama ukuta. Kazini wanawake wenzake walimwona amekonda wakaambizana kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwamba mtoto ameruhusiwa kukimbia na mama anashtuka. Walimhurumia kwa kitu kingine kabisa. Kila kiatu cha mtoto kilichopita mlangoni pa duka alikigeuzia shingo, akitazama visigino.

Ijumaa aliomba ruhusa ya saa moja. Alisimama nje ya uzio wa waya wa shule, nyuma ya watu wawili waliokuwa wanangoja kuzungumza na mlinzi. Darasa la sita walikuwa wamepangwa sita sita. Kitinda alikuwa mstari wa tatu, mwembamba, kaptura ya kuazima imemzidi kiuno. Filimbi ikalia.

Hakuwa hodari. Watoto wawili walikuwa mbele yake na alizungusha mikono kama anayeogelea. Lakini miguu ilipiga chini yote miwili, kwa nguvu moja, na kinywa chake kilikuwa wazi kwa namna ambayo mama hakuwahi kuiona humu duniani, na ilimchukua muda kuelewa kwamba mtoto anacheka. Mama alishika waya. Alisahau kujificha nyuma ya wale watu.

Kitinda alipogeuka kwenye mkunjo wa uwanja akamwona.

Kicheko kilikatika pale pale. Alipunguza mwendo, mkono ukaenda kiunoni, na hatua ya tatu akaanza kuchechemea. Wenzake wote wakampita. Alikuwa anakuja polepole kuelekea uzio, amekunja uso, anaburuta mguu, na wala hakuwa anamdanganya mtu. Alikuwa amemwona mama yake amesimama na mikono mitupu, akamletea.

Mama alitaka kuita. Alitaka kumwambia sitaki tena, mwanangu, nimekusamehe, nisamehe wewe. Akaona jinsi macho ya mtoto yalivyoifuata midomo yake, yakingoja aulize, na akajua kwamba neno lolote atakalolisema litakuwa swali. Akageuka akaondoka. Alitembea bila kuangalia nyuma, na ilimuuma kama siku ile walipomwambia aondoke kaburini. Nyuma yake filimbi ililia tena. Kuna sauti ikapaza, "Haya, Kitinda, haya." Hakugeuka.

Hakurudi dukani. Alikwenda hadi kwenye kona, akaketi kwenye kigoda cha wateja, mbele ya mumewe. Fundi alikuwa na misumari midomoni. Aliitoa mmoja mmoja.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Anakimbia?"

"Nikiwa sipo."

Fundi alitaka kumshika mkono, akaona mikono yake imejaa gundi. Mama alichukua kiatu kimoja kutoka kwenye rundo, cha mtu asiyemjua, akakigeuza. Walikaa hivyo mpaka kengele ya shule ikalia mbali na watoto wakaanza kupita, makundi makundi, kelele na vumbi. Kisha kundi likapungua, na kutoka chini ya barabara ikasikika miguu ya mtoto mmoja anayekuja mbio.

"Inama," mama alisema.

"Nini?"

"Inama, Baba Mrefu. Usimtazame."

Fundi aliinama, na mama akainama, vichwa viwili juu ya kiatu cha mtu mwingine, wakijifanya wanatafuta tundu la msumari. Miguu ilikaribia kwenye kona. Ikafika mbele ya kibanda, ikawapita, na haikupunguza mwendo.